Voldemort alirudije mwilini? Naomba ufafanuzi wa hatua, viungo na kasoro za lile tambiko la makaburini

Mtunzi_Chipukizi

Wakuu, habari za saa hizi. Naandika riwaya ya kubuni yenye mchawi mbaya anayeangamizwa mwanzoni, kisha anarudi katikati ya hadithi. Kabla ya kuandika sura ya kurudi kwake nataka kuielewa sawasawa ile ya Voldemort kwenye kitabu cha 4 cha Harry Potter, maana ndiyo inayotolewa mfano kila panapozungumzwa habari hizi.

Yanayonitatiza ni haya. Ikiwa alikuwa na hokraksi tangu zamani, kwa nini laana yake ya kuua ilipomrudia mwaka 1981, alipojaribu kumuua Harry akiwa mtoto mchanga, hakuinuka palepale? Vile viungo vitatu viliingia kwenye chungu kwa utaratibu gani, na kila kimoja kilikuwa na kazi gani? Na kwa nini ilazimu iwe damu ya Harry, tena kwa mpango wa mwaka mzima, wakati jasusi wake alikuwa akimfundisha huyo huyo Harry darasani?

Naomba majibu ya walioisoma kwa makini, siyo waliotazama filamu tu.

---

Kabati_la_Vitabu

Karibu mkuu. Shika hili kwanza, maana mengine yote yanalitegemea: Voldemort hakufufuka, kwa sababu hakufa.

Katika ulimwengu ule hakuna uchawi wa kumrudisha maiti kuwa mtu hai. Jiwe la Ufufuo huita kivuli cha marehemu, nacho hakitulii miongoni mwa walio hai. Inferi ni maiti zinazotembezwa kwa uchawi, ndani yake hamna mtu. Mtunzi aliufunga mlango huo mapema, halafu akatafuta namna ya kumrudisha adui bila kuuvunja. Alichofanya ni kutenganisha vitu viwili ambavyo waandishi wengi huviunganisha: kutokufa, na kuwa na mwili.

Hokraksi hushughulikia hilo la kwanza peke yake. Mchawi huua mtu, mauaji yale huipasua roho ya muuaji, na kipande kilichopasuka hufungiwa ndani ya kitu nje ya mwili. Mwili ukiharibiwa, roho iliyobaki haiwezi kuondoka duniani kwa kuwa sehemu yake bado imeshikiliwa huku. Lakini hokraksi haihifadhi mwili wa akiba. Ndiyo maana usiku wa 31 Oktoba 1981, kule Godric's Hollow, alibaki kitu kisicho na umbo, dhaifu kuliko hata mzuka. Hana mkono wa kushikia fimbo, na karibu kila uchawi ambao ungemsaidia unataka fimbo. Amekwama.

Uwezo uliobaki ni mmoja tu: kuingia katika miili ya wengine. Alikimbilia msitu wa Albania akawa anakaa ndani ya wanyama, nyoka hasa. Nao hawakumfaa sana. Mwili wa mnyama haufanyi uchawi, na kukaliwa naye kulifupisha maisha ya mnyama mwenyewe.

Kisha akapatikana mtu. Mwalimu Quirrell alipita Albania, akarudi naye Uingereza, na mwaka wa masomo wa 1991/92 Voldemort alikuwa akiishi kwenye mwili wa Quirrell ndani ya Hogwarts, shule ya uchawi anakosoma Harry. Lengo lilikuwa Jiwe la Mwanafalsafa: kinywaji cha uzima kinachotokana na jiwe hilo kingemwezesha kujitengenezea mwili wake mwenyewe. Wakati anasubiri, Quirrell alimnywea damu ya farasi wa pembe moja. Damu hiyo humzuia mtu kufa hata akiwa ukingoni kabisa, ila humwachia maisha nusu yaliyolaaniwa tangu inapogusa midomo. Mwisho wa mwaka Quirrell alipomkamata Harry, ngozi yake iliungua kila alipogusana naye, kwa sababu ya kinga aliyoachiwa Harry na mama yake aliyekufa akimlinda. Jaribio likafa hapo, na Quirrell naye akafa.

Usiisahau ngozi hiyo iliyoungua. Ndiyo sababu ya yote yaliyofuata.

---

Binti_Kurasa

Kabati ameeleza vizuri. Mimi nachukua swali la pili, na naanza na jambo linalosahaulika: kulikuwa na miili miwili, siyo mmoja.

Mwili wa kwanza ulitengenezwa Albania, katika msimu wa joto wa 1994. Wormtail, yaani Peter Pettigrew, alimtafuta bwana wake akampata, na njiani alimnasa Bertha Jorkins, mfanyakazi wa Wizara ya Uchawi. Kwake Bertha ndiko zilikopatikana habari mbili zilizojenga mpango mzima: kwamba Mashindano ya Wachawi Watatu yangefanyika Hogwarts, na kwamba Barty Crouch mdogo, mfuasi mwaminifu aliyedhaniwa amekufa, alikuwa hai. Baada ya kunyonywa habari akauawa.

Voldemort alimwelekeza Wormtail namna ya kumtengenezea umbo la muda: maapizo kadhaa aliyoyabuni mwenyewe, pamoja na dawa iliyochanganywa damu ya farasi wa pembe moja na sumu ya nyoka wake Nagini. Lilitoka umbo la kama mtoto mchanga aliyeinama, lisilo na nywele, ngozi kama ya magamba yenye wekundu uliokolea, mikono na miguu myembamba isiyo na nguvu, uso bapa wa nyoka. Lilihitaji kulishwa kila baada ya saa chache, na Wormtail ndiye aliyekuwa akimkamua Nagini sumu. Umbo hilo ni bovu, lakini lilimpa kilichokosekana kwa miaka 13: mkono wa kushika fimbo. Kwa mkono huo ndipo alipomuua Frank Bryce, mtunza bustani wa nyumba ya akina Riddle, Agosti 1994. Mwandishi anayeruka hatua hii atashindwa kueleza nani aliongoza mpango wakati bwana mwenyewe ni moshi.

Mwili wa pili ndio wa makaburini Little Hangleton, usiku wa 24 Juni 1995. Utaratibu ulikuwa hivi.

Chungu cha jiwe, kikubwa cha kutosha mtu mzima kukaa ndani, kilisukumwa hadi miguuni mwa kaburi. Kimejaa kimiminika kinachoonekana kama maji, maana dawa ya msingi ilishaandaliwa. Wormtail akawasha moto chini yake kwa fimbo. Kimiminika kikapata joto upesi, kikachemka na kurusha cheche, mvuke ukazidi, mpaka uso wake wote ukawa unametameta. Hapo ndipo kilikuwa tayari. Lile umbo la muda likatumbukizwa likazama hadi chini. Kwa hiyo viungo vitatu haviumbi mtu kutoka patupu. Vinajengwa juu ya kitu kilichokwisha kuwamo.

Kiungo cha kwanza ni mfupa wa baba, uliotolewa pasipo mwenyewe kujua. Kaburi lilipasuka, vumbi laini likapaa likaangukia chunguni, na kimiminika kikageuka buluu ya sumu. Baba mtu ni Tom Riddle mkubwa, ambaye hakuwa mchawi, na aliuawa na mwanawe huyo huyo. Kazi ya mfupa ni kumfanya mwana upya.

Cha pili ni nyama ya mtumishi, iliyotolewa kwa hiari. Wormtail alijikata mkono wa kulia, ule ambao tayari ulikuwa na kidole pungufu, akiwa ameshika jambia kwa mkono wa kushoto. Kimiminika kikawa chekundu cha kuwaka. Kazi yake ni kumhuisha bwana.

Cha tatu ni damu ya adui, iliyochukuliwa kwa nguvu. Harry alikuwa amefungwa kwenye jiwe la kaburi la Riddle. Akachanjwa kwenye kiwiko cha mkono wa kulia kwa upande wa ndani, damu ikakingwa kwenye kichupa cha kioo na kumiminwa. Kimiminika kikawa cheupe cha kuumiza macho. Halafu cheche zikazimika ghafla, mvuke mweupe ukafunika kila kitu, na aliyeinuka alikuwa mtu mzima, mrefu, mwembamba.

Filamu ya mwaka 2005 ilibadilisha vitu vidogo: unaonekana mfupa badala ya vumbi, na damu inadondoshwa moja kwa moja kutoka kwenye jambia. Ukitaka mantiki ya viungo, fuata kitabu.

---

Hoja_Kinzani

Binti_Kurasa, nakubaliana nawe kote isipokuwa hapo kwenye "kwa hiari". Wormtail alikuwa akilia na kutetemeka kabla ya kujikata, na hakuna asiyejua kwamba alimrudia Voldemort kwa kuogopa, siyo kwa mapenzi. Hiari gani hiyo? Nionavyo, sharti la kiungo cha pili lilitimizwa kwa sura tu.

---

Binti_Kurasa

Ndugu Hoja, hoja yako ni nzito, ila angalia masharti yote matatu kwa pamoja. Baba hajui. Mtumishi anakubali. Adui analazimishwa. Kila sharti linahusu nani ameshika kisu na nani amesema hapana. Hakuna linalouliza mtoaji anajisikiaje. Wormtail hakufungwa wala hakushikwa mkono. Alichukua jambia mwenyewe akakata mwenyewe. Woga haukufuta kitendo.

Isitoshe, tambiko lilifaulu bila hitilafu yoyote upande wa nguvu. Sharti lingekuwa limevunjwa, ungeona kasoro mwilini au kwenye uchawi wake, na haionekani.

Kwa mwandishi, ulichosema kina faida nyingine. Mtumishi anayetoa kiungo chake kwa woga huendelea kuwa na moyo uliogawanyika. Voldemort alimlipa Wormtail mkono wa fedha, na mwanzoni mwa 1998, Wormtail aliposita kwa kitambo kidogo tu kumdhuru Harry, mkono huo ulimkaba yeye mwenyewe hadi akafa. Malipo ya kiungo cha pili yalikuwa na kitanzi ndani yake.

---

Mtunzi_Chipukizi

Ahsanteni sana. Limebaki la damu na ule mpango mrefu. Crouch mdogo, akiwa amejigeuza kuwa mwalimu Moody, alikuwa na Harry mwaka mzima. Kichupa kimoja cha damu kingeshindikana vipi?

---

Kabati_la_Vitabu

Swali hili huulizwa sana, na huwa linajibiwa vibaya kwa kusema ni pengo la hadithi tu.

Damu ya adui yeyote ingetosha kumpa mwili. Wormtail alimsihi hivyo, kwamba atumie mchawi mwingine, na wachawi wanaomchukia Voldemort walikuwa wengi. Voldemort alikataa kwa sababu ya ile ngozi ya Quirrell. Hakutaka mwili tu. Alitaka mwili wenye kinga ile ile ya mama yake Harry ikizunguka kwenye mishipa yake, ili asiungue tena akimgusa. Akaipata: jambo moja alilolifanya mapema baada ya kuinuka ni kumgusa Harry shavuni kwa kidole mbele ya wafuasi wake, na kidole hakikuungua.

Sasa namna ya kumpata Harry. Nyumbani kwa mama yake mkubwa Petunia kulikuwa na kinga ya undugu wa damu. Kwenye Kombe la Dunia la Quidditch kulikuwa na wachawi wengi mno wa Wizara. Hogwarts kuna mwalimu mkuu Dumbledore. Likabaki lile kombe la mashindano. Crouch mdogo aliingiza jina la Harry kama mshindani wa shule ya 4, akiwa amekichanganya akili kile Kikombe cha Moto, akamsaidia kwa siri kuvuka kazi mbili za kwanza, na kombe la ushindi ndani ya mzingile likageuzwa kuwa chombo kinachomhamisha papo hapo yeyote anayeligusa.

Kwa nini si kichupa? Sharti ni damu iliyochukuliwa kwa nguvu, na tambiko linamtaka adui awe adui hasa. Lakini sababu kubwa kwangu ni kwamba Voldemort alimhitaji Harry mwenyewe pale, siyo damu yake tu. Miaka 13 wafuasi walikuwa wameambiwa kwamba mtoto mchanga amemshinda bwana wao. Baada ya kuvaa mwili aliwaita kwa alama iliyo mkononi mwao, akamrudishia Harry fimbo, akataka kumuua kwenye pambano mbele ya macho yao. Kichupa kisingefuta aibu ile.

Na kiburi hicho kilimgharimu mara moja. Fimbo zao mbili zilikuwa na unyoya wa finiksi mmoja, Fawkes, na fimbo za asili moja hazipigani sawasawa zikilazimishwa. Zikaungana, vivuli vya aliowaua vikatoka, Harry akapata upenyo wa kukimbia na kulishika tena lile kombe. Cedric Diggory, mshindani mwenzake aliyelishika pamoja naye wakati wa kuja, alikuwa ameshauawa. Voldemort alipata mwili na akapoteza siri ya kurudi kwake usiku huo huo.

---

Nanga_ya_Hadithi

Naongeza sehemu ambayo naiona ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa madhara yake yanatokea vitabu vitatu baadaye.

Kuchukua damu hakukuondoa kinga ya Harry; kuliizidishia makao. Kinga ilikuwa katika damu ya Harry. Baada ya tambiko, ikawa pia katika damu ya Voldemort. Maadamu Voldemort yu hai ndani ya mwili ule, kinga ya mama yake Harry ina mahali pa kuishi, nayo inamshikilia Harry asiondoke duniani. Dumbledore alipoambiwa kwamba damu ile imetumika, macho yake yaling'aa kwa kitambo kama mtu aliyeshinda jambo, na msomaji haelezwi sababu hadi kitabu cha 7. Mei 1998, msituni, Voldemort alimpiga Harry laana ya kuua. Laana ikateketeza kipande cha roho ya Voldemort mwenyewe kilichokuwa kimejibanza ndani ya Harry tangu 1981, na Harry akarudi. Angetumia damu ya mchawi mwingine, angebaki hawezi kumgusa Harry, lakini pia Harry asingekuwa na cha kumrudisha usiku ule.

Tahadhari moja, maana wengi huikosea: damu ile haikuvunja kinga ya nyumba ya Petunia. Ile iliendelea mpaka Harry alipoondoka pale kwa mara ya mwisho, siku chache kabla ya kutimiza miaka 17, mwisho wa Julai 1997. Ni kinga mbili zenye asili moja, lakini masharti tofauti.

Kuhusu uimara wa mwili mpya: ni mwili wa kufa. Voldemort mwenyewe aliwaeleza wafuasi kwamba ameshusha matumaini kwanza, arudishiwe mwili wake wa zamani na nguvu zake za zamani, kabla ya kuifuata tena hali ya kutokufa. Angeuawa Julai 1995, angerudi kuwa moshi, kwa sababu kati ya hokraksi zake, shajara pekee ndiyo iliyokuwa imeharibiwa. Pete, kidani, kikombe cha Hufflepuff, taji la Ravenclaw, nyoka Nagini na kile kipande ndani ya Harry vilikuwa bado. Tarehe 2 Mei 1998 laana ilipomrudia mara ya pili, vyote vilikuwa vimekwisha, na mwili ule haukuwa na cha kuurudisha.

---

Mtunzi_Chipukizi

Nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Swali la mwisho: kwenye riwaya yangu nikitenganisha hivyo uhai na mwili, si nitaonekana nimeiga?

---

Nanga_ya_Hadithi

Hapana, kwa sababu utengano huo ni wa kale. Soma ngano za Kirusi za Koshchei. Katika ngano moja, kifo chake kimo kwenye ncha ya sindano, sindano imo ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, sungura ndani ya kasha lililozikwa chini ya mwaloni kisiwani. Katika ngano nyingine amefungwa kwa minyororo 12, amekauka nguvu lakini hafi. Mwana wa mfalme anamwonea huruma na kumpa maji, ndoo moja, ya pili, ya tatu, na minyororo inakatika. Kule kutokufa kwake kuko mbali, na nguvu zake ziko kwenye maji. Hakuna mwenye hati ya wazo hilo.

Kinachoweza kuonekana cha kuiga ni chungu, mfupa, nyama na damu. Acha hivyo. Tafuta kiungo ambacho mchawi wako hawezi kukichukua mwenyewe, na mfikirie mtu mwenye mikono atakayefanya kazi hiyo kwa niaba yake, maana asiye na mwili hawezi hata kukoka moto. Andika kwanza masharti ya kila kiungo: nani anatoa, kwa hali gani, na kitu gani kingine kinaingia mwilini pamoja nacho. Hilo la tatu lifiche, ulitaje kwa sentensi moja tu kwenye sura ya kurudi, halafu ulilipe mwishoni.

Na urefu wa sura uupime. Maandalizi ya chungu yalichukua kurasa chache tu. Yaliyobeba uzito ni ya kabla, yaani mwaka mzima ambao msomaji haoni kwamba kila msaada anaopewa Harry unamsogeza makaburini.